Wamama Waliosimama Majini

Jirani yangu hapa Lubumbashi anafua mablanketi ndani ya pipa. Anayapiga kwa mti mnene, maji yanatoa mlio mzito wa tumboni, na watoto wake wanacheka. Mimi nikiusikia mlio ule naacha kuchambua sombe, majani ya muhogo. Sioni tena pipa wala kamba ya nguo. Naona ziwa Mweru asubuhi, jeupe kama maziwa yaliyochanganywa na majivu, na wanaume wa kwetu Nchelenge, upande wa Zambia, wakilipiga.

Kupiga huko tulikuita kutumpula. Wavuvi wanazungusha wavu mahali penye maji machache, halafu wanapiga maji kwa miti mirefu yenye kichwa kinene, mpaka samaki washikwe na woga na kukimbilia wavuni wenyewe. Ni kazi ya haraka na inaleta samaki wengi. Miaka ile ya sabini sheria ilikuwa imeikataza, lakini sheria ilikaa mbali na ziwa lilikuwa pale mlangoni.

Baba yangu alizaliwa kwenye pwani ile, mvuvi mwana wa mvuvi. Mama yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Alivuka na mzigo wa vitenge kuja kuuza sokoni Kashikishi, vitenge vikaisha, yeye akabaki. Nyumbani tulisema Kibemba na baba, Kiswahili na mama, na wakigombana kila mmoja alirudi kwenye lugha yake, basi ugomvi haukufika mbali. Mimi nilikuwa mtoto wao wa kwanza, Mwape, msichana wa miguu myembamba na maswali mengi.

Mwaka ninaousema, paa letu lilikuwa limechoka. Nyasi zilioza, na mvua zilizopita tulilala tukihamisha mikeka kama watu waliofukuzwa. Baba aliahidi bati. Kila alipotoka ziwani tulitazama mtumbwi kwanza, halafu paa. Lakini nyavu za katikati ya ziwa zilirudi na samaki wachache, tena wadogo, na miezi ya joto ilikuwa inakwisha. Hapo ndipo baba na wenzake walipoanza kwenda kwenye ghuba ya matete, karibu na kanisa letu. Maji yake yalikuwa ya vuguvugu, chini kuna mchanga, na samaki aitwaye pale kwa Kibemba aliingia humo kuzaa.

Siku moja baba alileta samaki huyo, pale mmoja mkubwa, wa kula nyumbani. Mama alimweka juu ya beseni la maji ili amkwangue magamba, akamminya kidogo kichwani, na mdomoni mwa yule samaki vikatoka visamaki, vingi, kama punje za ulezi zenye macho. Vingine viliogelea. Nilipiga kelele ya furaha nikataka kuvitia kwenye chupa. Mama hakucheka. Alikaa na kisu mkononi akivitazama.

"Huyu mama hakukula," aliniambia. "Akibeba batoto mu kinywa, hakulake. Anangoja bakomae."

Samaki tulimpika, kwa sababu njaa haingoji huruma. Lakini beseni mama hakulimwaga. Alilifunika kwa kitambaa akalipeleka kwenye mkutano wa wamama wa kanisa, mimi nyuma yake nikiomba asitembee haraka.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo, na wamama walikutana kivulini, ubavuni mwake, kushona na kuomba. Kiongozi wao alikuwa Bana Chola, yaani mama wa Chola, mjane aliyebanika samaki kwa miaka mingi mpaka macho yake yakawa mekundu siku zote, hata watoto wapya wa shule ya Jumapili walidhani amelia. Hakuwa mpole. Aligombana na waimbaji juu ya mwendo wa wimbo, na mahubiri yakiwa marefu alisinzia waziwazi. Mama alifunua beseni. Wamama wakasogea, wakainama. Kila mmoja alikuwa ameona chanja zake za kubanikia zikibaki na nafasi tupu, ila hakuna aliyekuwa amelisema.

Bana Chola akasema, "Siku ya Mungu tunashukuru juu ya ziwa. Kesho yake bwana zetu banaipiga na miti. Halafu sisi tunabanika. Bibi na bajukuu, bote siku moja."

Walikubaliana siku ile kwamba mpaka mvua ishike, nyumba yoyote ya kanisa isinunue wala kubanika samaki wa ghuba. Walimpelekea pasta neno. Pasta wetu alikuwa kijana mwembamba, na sauti zote nzito za kwaya zilikuwa za wavuvi, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini Jumapili alilitangaza. Alisema Mungu hakumpa mtu bustani ili aimalize. Wanaume walisikiliza wakitazama dari. Kesho yake walikwenda ghubani kama kawaida, na wachuuzi wasio wa kanisa wakanunua samaki wote.

Ndipo wamama walipoamua kwenda wenyewe. Walituma watu hata kwa Wakatoliki wa upande wa pili wa barabara, ambao sisi tulisalimiana nao kwa kichwa tu. Wakatoliki walikuja wengi kuliko sisi, jambo ambalo Bana Chola hakulipenda.

Asubuhi hiyo mama alinifunga mdogo wangu mgongoni akanipa kazi ya kukaa ufukweni na watoto wengine. Jua lilikuwa limeshatoka. Wamama waliingia majini na nguo zao za kanisa, blauzi nyeupe na vitambaa vya kichwa, wakashikana mikono kwenye mlango wa ghuba, pale ambapo mitumbwi hupita. Maji yaliwafika kifuani. Kulitokea ubishi mdogo kuhusu wimbo, kwa kuwa kila kanisa lilikuwa na wake, na mwishowe waliimba nyimbo mbili pamoja, hakuna iliyosikika vizuri. Mimi sikuimba. Nilikuwa natazama matete, maana kila mtoto wa Nchelenge alijua kwamba mamba wanapenda mahali kama pale, na mama yangu ndiye aliyesimama mwisho kabisa wa mstari, karibu na matete.

Mitumbwi ikaja. Wa mbele ulikuwa wa baba. Aliposhusha kasia, nyimbo zilikatika.

"Bana Mwape," baba alisema, "toka mu maji."

"Sitoke."

"Mamba iko hapa."

"Najua iko."

Mwenzake wa mtumbwini, mtu wa maneno mengi aliyeitwa Kapembwa, alicheka akasema, "Mutu gani anashindwa na muke yake? Piga maji, batakimbia bote."

Baba hakuinua mti. Mtumbwi uliyumba pale pale, sijui kwa muda gani. Kwangu muda ule ulikuwa mrefu sana, na mdogo wangu alianza kulia mgongoni. Nilimwona baba akitazama paa za kijiji nyuma yetu. Halafu akauweka mti wake wa kupigia chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akashuka majini na suruali yake. Nilidhani anakwenda kumvuta mama kwa nguvu. Alimpita. Akasimama baada yake, yeye sasa mwisho wa mstari, katikati ya mama na matete.

"Kama mamba inakuja," alisema, "inikute mie kwanza."

Kapembwa alitukana kidogo, kisha akageuza mtumbwi. Mitumbwi mingine ilimfuata, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama watu waliokumbuka kazi nyingine. Bana Chola alitoka majini akipiga chafya, akasema Wakatoliki wamempotezea wimbo.

Wamama waliendelea kuilinda ghuba mpaka mvua, kwa zamu, sasa wakikaa ufukweni na ushonaji wao. Bati halikupatikana. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe, kesho yake sombe na bukari, na mimi nilivichukia visamaki vile kwa moyo wangu wote. Mvua ya kwanza ilituamsha kwenye mikeka. Baba alikaa kwenye kona kavu, na mama akahamisha mikeka peke yake.

Siku ya pili yake wamama wa makanisa yote mawili walifika na mafungu ya nyasi kichwani. Hawakuuliza. Vijana wa kwaya walipanda juu ya paa, baba akawa chini anarusha nyasi juu, na Kapembwa, ambaye alipita njiani akijifanya ana safari ya Kashikishi, aliishia kushika ngazi mpaka jioni.

Nisidanganye kwamba ziwa lilipona. Kwa miaka michache wale samaki waitwao pale waliongezeka ghubani, hata watoto tuliwaona wakichimba mashimo yao ya mviringo mchangani. Baadaye wakaja wavuvi wengine, nyavu nyingine zenye matundu madogo, na wamama wale walizeeka. Siku hizi wanaovua wanavua zaidi chisense, visamaki vya kuanika.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya mama aliyemshinda baba. Niliipenda hivyo. Mpaka mama alipokwisha kufa, na baba akiwa mzee, nikaenda Nchelenge kumtazama, na tukiwa tunamenya mihogo nikamwuliza kama siku ile aliona haya mbele ya wenzake.

Aliweka muhogo chini. Akasema asubuhi ile, kabla ya kutoka, mama alimwambia wazi kwamba atasimama majini.

"Nikamwambia mie nitakuja," baba alisema. "Batu banne banapata chakula na mtumbwi ile. Siwezi kubaambia nimeacha, hivi tu, na kinywa. Batasema nini? Ilifaa mutu anizuie, na bote baone."

Akamenya tena kidogo.

"Ni mie nilimwonyesha pa kusimama. Kule ku matete mchanga iko nguvu, hauzame. Nikamwambia, ukishika pale, mtumbwi yangu haiwezi kupita."