Wimbo Uliopungua Majini

Régine hapendi wimbo unaoisha polepole. Kwaya yake huimba, kisha wote hupiga kofi moja kwa pamoja, na hapo wimbo umekwisha. Wageni hushtuka. Sisi tuliokimbia Congo pamoja naye mwaka 2017 tunajua sababu.

Tulivuka Ziwa Mweru kwa boti mbili, ukungu umefunika maji. Tuliimba ili tusipotezane. Fabien, mume wake, alikuwa katika boti ya nyuma. Sauti zao zikapungua, zikazidi kupungua. Hakuna aliyepiga kelele. Régine akasema, "Wamechoka kuimba." Kule kambi ya Kenani, upande wa Zambia, tuliwangoja mpaka tukaacha kuulizana.

Sasa anauza samaki wakavu hapa Nchelenge na kufundisha kwaya. Binti yangu Plamedie anaimba humo. Juzi juzi Chadrack, mpiga kinanda, aliwarekodi, na mwishoni akaupunguza wimbo mpaka usisikike.

"Kofi langu liko wapi?" Régine akamuuliza.

"Mama Régine, kofi ni ya zamani. Hivi wimbo haumaliziki, unaenda tu mbinguni."

"Wewe uliuona ukifika?"

Vijana wakacheka. Ule mwisho waliupenda sana.

Jumamosi walipanda boti kwenda kuimba kwenye ndoa kisiwani Kilwa, humu humu ziwani. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Régine akawaambia, "Muimbe mpaka mwisho, mupige kofi. Sisi wamama tutasikia."

"Ndiyo, mama komanda!" Chadrack akampigia saluti.

Boti ikaingia katika ukungu. Tuliwasikia vizuri. Kisha wimbo ukaanza kupungua.

"Ni ule mchezo wao," nikasema.

Régine hakunitazama. "Na kama si mchezo, ungesikika namna gani?"

Nilimpigia Plamedie, simu haikupatikana. Nikapiga tena na tena, nimesimama pale pale, miguu imelowa.

Mchana Plamedie akapiga mwenyewe. "Mama, mulisikia? Tuliushusha kabisa kama ule wa Chadrack!"

Régine akaninyang'anya simu. "Kila mutu aseme jina lake."

Wakajitaja mmoja mmoja, wakicheka. Chadrack alikuwa wa mwisho. Alilivuta jina lake, akilishusha, akilishusha, mpaka likapotea. Régine akanirudishia simu.

"Mama, kesho tukirudi tutafanya vile tena," Plamedie akasema.

"Kesho usiimbe," nikamwambia. "Tafuta bidoni tupu, dumu la kuelea nalo, ulishike, usiliachie mpaka nikuone."

Akawaambia wenzake. Nikawasikia wote wakicheka.