Kiti Kilichobonyea

Kaa, mwanangu. Kaa hapo hapo kwenye kiti cha bomba la chuma, usikiogope kwa sababu kimebonyea. Nimesikia viza yako imetoka na unaondoka kwenda Dubai, na mama yako ameniomba nizungumze nawe kabla hujafunga begi. Hotuba sina. Nina siku moja tu ya kule na yaliyoifuata, na siku hiyo naikumbuka kwa miguu kabla ya kuikumbuka kwa kichwa.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la viti. Usifikirie mafundi wetu wa hapa Muheza wanaopanga makochi kando ya barabara. Hili lilikuwa duka la vioo, upande wa Al Jaddaf, lina baridi ya friji, na viti vichache vimesimama mbali mbali kama wagonjwa wanaoogopa kuambukizana. Vilibuniwa Ulaya enzi za babu zetu, na wakati huo vilikuwa viti tu, watu wakivikalia kunywa chai. Vikaacha kutengenezwa. Sasa miaka ile viwanda vilikuwa vinavirudisha upya, kwa umbo lilelile, lakini vichache, kila kimoja kimepigwa namba yake chini ya kikalio. Namba zikiisha, hakitengenezwi kingine. Matajiri walivigombea.

Kazi yangu ilikuwa kuvaa glavu nyeupe, kuvifuta vumbi, na kumwambia kila anayesogea asikae. Mimi mwenyewe nilisimama kutwa. Nimezungukwa na viti na sina pa kukaa! Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka, ila wakati ule sikucheka. Wateja walivitazama viti kwa mapenzi, mimi wakanipita kama mlango. Kuna jioni nilirudi chumbani, wenzangu wote wako zamu, nikagundua tangu asubuhi sijasema lolote zaidi ya "Please, sir." Nililia, mwanangu, na sikuwa mtoto.

Siku ninayokwambia, msimamizi wetu, kijana wa Nairobi tuliyemwita Kevo, alinituma na dereva nipeleke kiti mtaa wa Mirdif. Mnunuzi aliitwa Nassor, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walihamia kule zamani kutoka Unguja. Kiti alimnunulia mama yake, Bi Zuwena, mjane aliyekaa peke yake na dada wa kazi katika nyumba kubwa yenye ukimya wa msikiti mchana.

Nikamwamkia, nikakifungua kiti sebuleni, nikaanza kukariri maneno yangu: kisiwekwe juani, kisimwagikiwe maji, na ikiwezekana kisikaliwe. Bi Zuwena alikizunguka polepole, akaketi. Nikanyoosha mkono kumzuia, mazoea ya dukani.

"Ati nisikae?" Akacheka. "Mwanangu, miye nimemenya vitunguu juu ya kiti hichi."

Marehemu mumewe alikuwa na kiti kama hicho, alikiokota ofisini kwao walipokuwa wanatupa vitu vya zamani. Alikikalia kila alasiri mpaka henzirani ya kikalio, zile fito nyembamba zilizosukwa, ikabonyea, ikawa na umbo lake. Alipofariki wakahama nyumba, na wabebaji wakakitupa pamoja na magodoro. Miaka imepita, Nassor kaona chenziwe dukani kwetu, kakinunua kwa mbio.

"Kaninunulia kiti," alisema Bi Zuwena. "Miye sikupotelewa na kiti."

Kisha akanyanyuka. "Hebu kaa kitako wewe. Miguu imekuvimba hiyo."

"Hapana bibi, sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Si changu?"

Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukalia kiti nilichokuwa nakilinda. Bi Zuwena akaketi kwenye kochi mbele yangu, akanitazama muda mrefu, macho yakamlowa. "Afadhali," akasema. "Kina mtu."

Tangu hapo Ijumaa zangu zilikuwa kwake. Nilipanda basi mpaka Mirdif, nikakaa kwenye kiti, tukanywa kahawa, akanisimulia Unguja ya usichana wake, mimi nikamsimulia Muheza. Nikichelewa alinisubiri dirishani. Nassor sikumkuta hata siku moja. "Kila akikosa kuja, hunitumia kitu," aliniambia, akionyesha mashine za kahawa na televisheni ambazo hazijatolewa kwenye maboksi. Hakusema kwa uchungu. Alimpenda mwanawe, na mwanawe alimpenda, hilo nalijua.

Ijumaa moja akaniuliza: "Mamako naye?"

"Hajambo, yuko nyumbani. Nimempelekea kiti kama hiki." Nilisema kwa kujidai kidogo. Kilikuwa kile cha maonyesho, hakina namba, mguu umekwaruzwa, hakiuziki tena. Kevo alinipa, nikakipakia kwenye mzigo wa watu wa Deira wanaosafirisha vitu kuja huku.

"Anakikalia?"

"Aa, amekifunika nailoni na kanga juu yake. Anasema hakikaliwi mpaka nirudi."

"Yeye anakaa wapi?"

"Mkekani."

"Nawe unarudi lini?"

"Likizo nimeisogeza mbele, bibi. Nataka kwanza nyumba ifike kwenye linta."

Akaweka kikombe chini. "Sasa wewe na Nassor mna tofauti gani? Umempelekea mamako kitu, kimekaa pahala pako, naye kakipisha kakaa chini. Mtoto wa watu nakuona miye kila wiki, aliyekuzaa hakuoni. Khalas, usije tena hapa mpaka umekwenda kwenu."

Nilikasirika, nisikufiche. Niliona ananifukuza, na yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa ananiambia kaa. Ijumaa iliyofuata nilibaki kitandani nimeukunja uso. Kwa kukosa la kufanya nikampigia mama. Akaniambia kiti kizima, anakipangusa kila siku, nisiwe na wasiwasi. Nikamwuliza leo amekuja nani kumtembelea.

"Leo hajaja mtu," alisema, akabadilisha mazungumzo haraka.

Kesho yake nilimwomba Kevo likizo yangu. Alinung'unika, akatoa.

Nilipofika hapa, kabla hata ya kuoga, niliichana ile nailoni. Mama alipiga kelele nimeharibu. Nikamketisha. Siku ya kwanza alikaa ukingoni kama mgeni aliyekuja kuposa. Likizo haijafika nusu, nikamkuta amekunja mguu mmoja juu ya kiti, anachambua kunde, anamsema jirani. Nilimweleza habari za Bi Zuwena, na nilipoondoka akanifungia chupa ya achari ya embe. "Mpe mama yako wa huko," akasema.

Achari sikuifikisha. Kabla Ijumaa haijafika, mlango wa duka ukafunguliwa, akaingia Nassor na dereva wake, wamebeba kiti. Nilikitambua kabla hakijatua chini.

"Mama ametangulia," alimwambia Kevo. "Nauza nyumba na kila kitu. Kiti kiko kama kipya, hakukitumia sana."

Kevo akainama, akapapasa kikalio, akaona henzirani imelegea katikati. "Hii tutaisuka upya, sir. Itakaa kama haijawahi kukaliwa, trust me."

Nilitakiwa kunyamaza, mwanangu. Mlinzi wa viti hasemi na wenye viti. Nikasema: "Sir, kilikaliwa. Kila Ijumaa."

Nassor akageuka. "Na nani?"

"Na mimi. Alinitengea nafasi ya baba yako. Alikuwa akisimulia habari zenu." Nikaenda nyuma, nikaileta ile chupa niliyoiweka hapo nikisubiri Ijumaa. "Hii mama yangu alimletea mama yako."

Akaipokea kwa mikono miwili. Kevo akamwuliza tena kama tukisuke kiti upya, akaitikia kwa kichwa, akatoka. Kupitia kwenye kioo nilimwona ameketi ndani ya gari lake, chupa ya achari iko mapajani, na gari haliondoki.

Henzirani ile niliikata mimi, Kevo ndiye aliyenipa kazi hiyo. Kabla ya kuikata nilivua glavu, nikakaa. Kevo akasema, "Bro, client anakuja, toka hapo." Nikamwambia aniache kidogo. Akaniangalia usoni, akaenda mwenyewe mlangoni kumpokea mteja.

Basi nasaha yangu ni hiyo, na naisema wazi usije ukasema mzee alikupigia hadithi tu. Kule utapata vitu. Tuma, sikukatazi, nyumba zinahitaji vitu. Lakini usikubali kitu kikae pahala pako ukadhani umefika wewe. Likizo yako ikifika, njoo, hata kama linta bado. Ukipiga simu uliza nani amekuja leo, usikilize jibu mpaka mwisho. Na huko huko, akitokea mtu akakwambia kaa, kaa.

Hilo bonde ulilolikalia ni la mama yangu. Alikikalia kiti hicho mpaka siku zake zilipokwisha. Mafundi hunishawishi wanisukie upya, nakataa.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe salama, akupe kazi ya halali na mtu wa kunywa naye kahawa. Na siku utakaporudi, akukutanishe na mama yako akiwa hapo alipo, amekaa.