Chatu wa Igoma na Miaka Yangu ya Kulea Nyoka

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti cha mbao, nikaambiwa nikae mbele ya kizimba cha chatu mpaka saa sita mchana. Nisiguse kitu, nisigonge kioo, nisiimbe. Nilikuwa mama wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Majita kule Mara, na hadi wiki chache kabla ya hapo nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Miaka ile viwanda vya umma vilikuwa vinabinafsishwa kimoja baada ya kingine, na sisi tuliokuwa ndani yake tulijifunza neno jipya, kupunguzwa. Mimi nilipunguzwa siku ya Ijumaa. Haukupita mwezi, bwana mmoja akafungua nyumba ya nyoka Pasiansi, karibu na ziwa, kwa ajili ya wageni na wanafunzi. Alitafuta mtu anayejua kuandika daftari la kila siku na asiyezimia akiona nyoka. La kwanza nililiweza. La pili nilidanganya.

Aliyenipa kiti alikuwa Msimamizi, mzee wa Kisukuma aliyecheza ngoma ya nyoka tangu ujana wake. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kilikuwa hakikunjiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Unaogopa?"

"Hapana."

"Basi rudi nyumbani. Asiyeogopa ataniharibia kazi."

"Naogopa, mzee. Naogopa sana."

"Vizuri. Kaa hapo. Leo yeye anakusoma wewe. Kesho utaanza kumsoma yeye."

Nilikaa. Yule chatu alitoa ulimi, akaurudisha, akautoa tena. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nyoka hunusa kwa ulimi, na kwamba sauti ya miguu yetu huipata kwa tumbo lake lililolala chini. Asubuhi ile mimi niliona tu ulimi mweusi wenye panda unanitafuta. Saa sita ilipofika, fulana yangu ilikuwa imeloa mgongoni kana kwamba nimevuka ziwa.

Wiki nne nzima sikushika nyoka. Nilifagia, nilibadilisha maji, niliandika kwenye daftari: nani amekula, nani amekataa, nani amejivua gamba. Msimamizi alinifundisha kwanza kutambua nyoka asiyetaka kuguswa. Shingo ikijikunja kama herufi S na kichwa kikakutazama moja kwa moja, huo ni mkao wa kuruka, nawe rudi nyuma. Akipumua kwa sauti, mwache. Akiwa amekula, mwache siku mbili tatu, maana ukimsumbua atatapika na atakuchukia. Macho yakiwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, yuko karibu kujivua gamba. Haoni vizuri, na kila kivuli kwake ni adui.

"Mwewe huja kutoka juu," aliniambia siku aliyonipa fimbo ya ndoano, fimbo ndefu yenye chuma kilichopinda mwishoni. "Kwa hiyo wewe njoo kutoka ubavuni. Kwanza mguse na fimbo katikati ya mwili, polepole, mara mbili. Hiyo ndiyo hodi. Unamwambia: sikuleta chakula, nimekuja kukubeba. Kisha mkono mmoja chini ya theluthi ya kwanza ya mwili, mwingine karibu na mkia. Usimkamate kichwa. Mikono yako iwe matawi, apite juu yake."

"Na akiniuma?"

Alinionyesha kile kidole. "Mimi nilivuta. Meno yake yamepinda kuelekea kooni, mama. Ukivuta, unajichana mwenyewe."

Nyumbani mume wangu aliniwekea ndoo ya maji nje ya mlango, niingie ndani nikiwa nimeshanawa na kubadilisha nguo. Kanisani wenzangu wa kwaya waliacha nafasi ya mtu mmoja kila upande wangu. Sikuwalaumu. Hata mimi ningeliacha.

Mkubwa wa Msimamizi alikuwa Bwana Meneja, mtu wa haraka, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alitaka wageni wapigwe picha wamevikwa chatu mabegani. Siku moja alimleta mzungu mrefu mbele ya kizimba, na chatu alikuwa amejikunja mkao ule ule wa S.

"Mzee, mtoe. Mgeni huyu ametoka mbali sana."

"Na nyoka amekataa kutoka hapa karibu," Msimamizi alijibu, akaendelea kufuta kioo. Nyoka hakutolewa. Mzungu alipigwa picha pamoja na Msimamizi mwenyewe, na akaondoka ameridhika.

Mwaka wa pili nilipewa jukumu la kwenda shuleni, Mirongo na kwingineko mjini, kufundisha watoto nikiwa na chatu mdogo mpole ndani ya mfuko wa kitambaa. Nilidhani nimeshakuwa fundi. Kisha likaja la Igoma.

Fundi Masanja alikuwa mchomeleaji vyuma, mwenye karakana kando ya barabara ya Musoma. Baba yake alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, na alipofariki aliacha chatu jike, urefu wake hatua nne za mtu mzima, jina lake Kabula. Masanja alimpenda kwa sababu ya baba yake. Lakini Kabula alikuwa amebadilika. Alimrukia mteja aliyechungulia kwenye sanduku lake, akamkosa kwa kiasi cha kiganja. Majirani wakasema auawe. Mwenyekiti wa mtaa akatuma mtu kwetu, na siku hiyo Msimamizi alikuwa hospitalini, malaria imemlaza.

"Mama Neema, nenda kamlete," alisema Meneja.

"Chatu wa ukubwa ule ni kazi ya watu wawili, Bwana Meneja."

"Igoma kuna watu wengi."

Walikuwepo kweli. Nilikuta umati mbele ya karakana, na jirani mmoja ameshika dumu la mafuta ya taa. Nilisalimia, nikaomba kuona sanduku. Lilikuwa limewekwa kando ya mashine ya kusaga vyuma, ile inayotoa cheche na kutikisa sakafu. Nilipiga magoti nikachungulia kwenye wavu. Macho ya Kabula yalikuwa meupe kabisa.

"Unamlishaje?" nilimwuliza Masanja.

"Nafungua mlango, nampa kuku kwa mkono."

"Na humfungulia kwa jambo lingine? Humbebi?"

"Tangu mzee afe, sijambeba. Muda sina."

"Kwa hiyo kila mlango ukifunguka, yeye anajua ni kuku."

Nikamgeukia Mwenyekiti, mtu mzima mwenye kofia ya ukindu. "Mheshimiwa, huyu leo haoni. Anajivua gamba, na mashine inamtetemesha mchana kutwa. Tukimtoa sasa atauma mtu. Naomba siku kumi."

"Wiki moja," alisema. "Akimgusa mtu kabla ya hapo, mafuta ya taa nitammwagia mimi mwenyewe."

Wanaume wanne walilibeba sanduku hadi kwenye stoo ya nyuma, palipokuwa kimya. Nililifunika kwa gunia, nikaweka beseni la maji ajiloweshe. Nikarudi kila siku. Siku ya tatu macho yalianza kung'aa. Siku ya sita gamba lilitoka lote, zima kama soksi ndefu, na Masanja alilianika ukutani akiwaita watu waje walione. Nilianza kupumua.

Siku ya saba nilikwenda na fimbo na magunia mawili. Tulikubaliana na Masanja kwamba mimi nitashika mbele, yeye nyuma. Nikatoka uani kunawa mikono kwa sabuni, kama tulivyofanya siku zote, ili nyoka asinuse harufu ya chakula. Sikumwambia naye anawe. Kosa hilo ni langu. Asubuhi ile alikuwa amechinja kuku na kumnyonyoa, aniandalie chakula cha shukrani, na nilipokuwa bombani yeye aliingia stoo, akafungua mlango wa sanduku ili amuage Kabula.

Nikasikia ukelele.

Nilimkuta amesimama, Kabula ameng'ang'ania mkono wake chini ya kiwiko, ameshajizungusha mara mbili na anaendelea. Damu ilikuwa inadondoka. Masanja alikuwa ameinua mkono mwingine avute kichwa.

"Usivute!" nilipiga kelele. "Masanja, usivute! Piga magoti. Laza mkono juu ya meza."

Maneno ya mwisho yalitoka kwa sauti kama ya Msimamizi, polepole, na Masanja akatii. Watu walijazana mlangoni. Nilihitaji mikono ya mtu mzima asiyekimbia, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, shika mkia."

"Mimi?"

"Wewe. Chatu hufunguliwa kuanzia mkiani. Huko ndiko nguvu ni ndogo. Zungusha kama unafungua kamba, usimbane."

Alivua kofia, akaiweka chini, akashika. Mzunguko wa kwanza ukalegea. Mimi nilibeba uzito wa mwili usining'inie. Mzunguko wa pili ukalegea. Lakini mdomo haukuachia. Tulimwagia maji ya baridi puani, hakuachia.

"Pombe kali," nilisema. "Matone machache tu, kwenye pembe ya mdomo. Nani ana gongo?"

Wote walimtazama Mwenyekiti. Gongo ilikuwa marufuku, na mwezi uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameongoza msako.

Mwenyekiti, mikono yote miwili imejaa mkia, akafumba macho. "Leo mimi sioni kitu."

Kufumba na kufumbua, chupa tatu zilikuwa zimenyooshwa mlangoni.

Nilichukua iliyokuwa karibu, nikadondosha matone kwa kifuniko. Kabula alitikisa kichwa, akafungua mdomo kana kwamba anapiga mwayo, nami nikamwelekeza kichwa ndani ya gunia kwa fimbo. Mwili ukafuata. Tukafunga fundo. Masanja akainua mkono wake, akakunja vidole, akavikunjua. Vyote vitano.

"Vinafanya kazi," alisema, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nami nikakaa chini kwenye sakafu, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Tuliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha akapelekwa hospitali akachomwa sindano ya pepopunda. Chatu hana sumu, lakini mdomo wake una uchafu. Yule jirani wa mafuta ya taa alibeba dumu lake, akasema ataenda kuwashia taa nyumbani.

Kabula alikaa kwetu Pasiansi miezi mitano kabla ya kurudi Igoma. Masanja alikuja kila Jumamosi. Msimamizi, aliyekuwa amepona, alimweka akae tu karibu na kizimba, kisha amguse Kabula kwa fimbo, kisha ambebe dakika mbili, baadaye tano, na kumrudisha kizimbani kabla hajachoka. Chatu alipewa chakula kwa koleo ndefu, katika kizimba kingine kabisa, hata mlango wake wa kawaida ukaacha kuwa na maana ya kuku. Siku Masanja alipombeba bila Kabula kujikunja hata mara moja, Msimamizi alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

"Nimechoka, Mama Neema," alisema. "Kuanzia mwezi ujao, Msimamizi ni wewe."

Nilikishika cheo hicho kwa miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Nyoka wa sumu sikuwahi kuwashika kwa mkono, na nyoka wa porini niliwaambia watu wawaache na kuwaita maafisa wa wanyamapori. Vijana huniuliza siri ya kumtuliza chatu mkali. Nawaambia waangalie kwanza sanduku lake, kelele zinazomzunguka, macho yake, na mikono yao wenyewe ina harufu gani. Wengi wa niliowaona wakali walikuwa wameogopa, wala hawakuwa na pa kukimbilia.

Siku niliyostaafu nilikabidhi funguo kwa Meneja, wa tatu tangu yule wa miwani. Tulipita vizimba vyote pamoja. Vyote vilikuwa vimefungwa, nyoka wote walikuwa wazima. Nikashuka ziwani, nikavua viatu nikaingiza miguu majini. Karibu yangu mama mmoja alikuwa anageuza dagaa juani. Aliniona natabasamu peke yangu.

"Mama, kuna heri gani?"

"Nimemaliza kazi leo. Nimestaafu."

"Hongera. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nalea nyoka."

Alisogeza ungo wake hatua moja. Kisha udadisi ukamshinda, akarudi.

"Na walikufanya nini, miaka yote hiyo?"

"Hakufa mtu," nilimwambia. "Wala nyoka."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akachota dagaa kwa viganja viwili, akanijazia kwenye kanga.