Mama Alitaka Treni

Mama mdogo wangu, aliyehamia Mombasa zamani, alipotupigia simu kusema binti yake anaolewa, mama alikuwa nje ya nyumba yetu, kijiji cha Kashojwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniambia, "Tutaenda na treni."

Hati zetu za kusafiria tulikuwa nazo. Njia zilikuwa mbili: ndege kutoka Entebbe, au basi hadi Kampala, basi jingine hadi Nairobi, ndipo treni. Mimi nilitaka ndege. Magoti ya mama yamechoka kwa kulima, na nilimwonea huruma nikifikiria viti vya basi. Lakini yeye alipokuwa msichana, baba yake alimchukua kwenda Kalemie, kwetu Kongo, kuuza mawese, akaona treni ikiondoka, akaahidiwa kwamba safari nyingine wataipanda. Safari hiyo nyingine haikuwepo.

"Ndege itakuonyesha nini?" aliniuliza. "Mawingu tu. Mi niko nataka kuona batu na fasi kwenye banaishi."

Nilishinda kwa ajili ya magoti. Tukaenda Mbarara, kwa wakala wa tiketi, dada Mganda mcheshi aliyezungumza polepole ili mama asikie.

"Nyabo, hii tiketi ni ya bei ya chini," aliniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Ukiacha kusafiri wewe mwenyewe, nauli hairudi. Inarudi kodi ya uwanja peke yake. Ukibadilisha siku, unaongeza pesa. Lakini kama kampuni ndiyo imefuta ndege, inakurudishia yote."

"Na mutu akibadilisha roho yake?" mama akauliza.

"Hapo, mama, pesa imekwenda."

Mama alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango. Nikalipa.

Siku chache kabla ya safari, ujumbe uliingia kwenye simu: ndege yetu imefutwa, tumepangiwa nyingine. Nyingine hiyo ingetufikisha Mombasa bibi harusi ameshaondoka kwao. Nilirudi Mbarara mbio.

"Wanakupa siku mpya, lakini si lazima uichukue," yule dada alisema. "Usibonyeze kukubali. Ukikubali tu, umemaliza. Sema hutaki, unataka pesa yako." Akageuza kompyuta niione, akaandika ombi pale pale, tukalisoma pamoja kabla ya kulituma.

Pesa ingechukua wiki kadhaa, kwa hiyo mama mdogo alitutumia nauli ya barabara. Nilipomweleza mama, alijitahidi kuhuzunika. "Pole, mutoto wangu," alisema, huku mikono tayari inakunja vitenge.

Kwenye mabasi hakulalamika hata mara moja. Nairobi nilikuta miguu yake imevimba, nikaikanda kwa mafuta kituoni, watu wakitupita na masanduku yao. "Hapana niangalie hivyo," alinikemea. "Niko muzima."

Ndani ya treni alikaa dirishani, akavua viatu, akabandika paji la uso kwenye kioo. Njiani tuliona tembo, wekundu kwa vumbi, wamesimama karibu na reli. Aliushika mkono wangu bila kugeuka. Baadaye kidogo akasema, "Baba angekuwa hapa, angewasumbua batu bote kwa maneno." Akacheka hadi akafuta machozi, nami nikacheka naye, ingawa babu huyo sikumjua.

Harusini alicheza ameketi, mabega tu, na wanawake wakaja kumchezea mbele ya kiti chake.

Tulikuwa tumesharudi Nakivale nauli ya ndege iliporudi, yote. Nilimkimbilia mama shambani kumwambia.

"Vizuri sana," alisema, akiegemea jembe. "Uiweke. Yule mutoto wa harusi akizaa, tutaenda na ndege."

"Ndege, mama? Si ulisema ni mawingu tu?"

"Treni nimeshaiona," akasema. "Na magoti inaniuma mingi."

Akarudi kwenye palizi yake.