Filimbi Masikioni mwa Kuka

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwetu kulikuwa na amri moja iliyozidi amri zote za shule na za kanisa: usimwite Kuka. Kuka ni babu, baba yake mama yangu. Ungeweza kumpelekea chai, ungeweza kumkalia mapajani, ungeweza hata kumvuta masharubu akiwa na furaha. Kumwita kutoka nyuma, iwe kwa jina au kwa heshima, ilikuwa marufuku. Aliyeweka amri hiyo alikuwa nyanya yangu, Kukhu, na Kukhu hakuwa mtu wa kubishana naye.

Tulikaa watatu katika nyumba ya vyumba viwili upande wa Makadara, karibu na Jogoo Road. Mama yangu, Nekesa, alikuwa akifanya kazi Mombasa na kuja mwisho wa mwezi. Kuka alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli, alikogonga chuma kwa nyundo zaidi ya miaka thelathini, mara nyingi akiwa ndani kabisa ya tangi la injini. Alikuwa mrefu, mtani, na alikuwa akiniita mke wake mdogo, kama wazee wa kwetu Bungoma wanavyowatania wajukuu wa kike. "Mke mkubwa akininyima nyama," alikuwa akisema, "mke mdogo atanipa." Kukhu naye alikuwa akijibu kwamba huyo mke mdogo hajui hata kusonga ugali.

Kisha utani ukaanza kupungua. Nilikuwa nikimwita asijibu, nikadhani amenuna. Kukhu alikuwa akimwita kutoka jikoni, "Baba Nekesa! Baba Nekesa!" mpaka chai inapoa. Lakini jirani yetu mwenye sauti nzito akipita dirishani na kusema, "Habari ya leo, mzee," Kuka alimjibu papo hapo. Kukhu alilichukulia vibaya sana jambo hilo. Alisema mume wake anasikia anachotaka, na kwa wiki kadhaa wakanuniana.

Siku moja tukila chakula cha mchana, redio ikiwa imezimwa, Kuka aliinua kichwa kutoka kwenye sahani akauliza, "Nani anapiga filimbi?"

Hakukuwa na mtu anayepiga filimbi. Kukhu aliacha kula.

"Unaisikia upande gani?"

"Huku nyuma. Nyembamba. Haikomi."

Alitaka kugeuka atazame mlangoni. Kukhu alimshika kidevu kwa mkono wenye ugali, akamzuia. "Usigeuke, Baba Nekesa. Nakuomba, usigeuke."

Sikuwa nimewahi kumsikia Kukhu akimwomba mtu yeyote kitu chochote.

Jioni hiyo alinieleza. Filimbi isiyo na mpigaji ni ya waliotangulia. Humwita mtu wao hivyo kwa sababu wamekaa huko muda mrefu, jina lake limewatoka. Akigeuka, ameitikia, na aliyeitikia haponi. Dawa ni moja: asimame wima, afumbe macho, asigeuze shingo mpaka ipite. Sisi nasi tusimwite kabisa, maana tukimwita wakati wao wanapiga, tutakuwa tumewakumbusha jina. Kaka yake Kuka, alisema, aliisikia filimbi shambani, akageuka, na wiki haikuisha.

"Ukimtaka," aliniambia, "zunguka ukasimame mbele ya macho yake ndipo useme. Usimwite kutoka nyuma."

Niliamini kila neno. Nani angenifundisha kutoamini? Kukhu alikuwa mama wa kanisa, tena mwenye kitambaa cheupe na kiti cha mbele, na alilisema jambo hilo kwa uhakika uleule aliosema nao kwamba maziwa yakikaa juani yataganda.

Nyumba ikawa nzito. Kuka alikuwa anaweza kuwa ananyoa ndevu, ghafla mkono unasimama, mgongo unanyooka, macho yanafumbwa, na sabuni inaendelea kuteremka shingoni. Mimi na Kukhu tulikuwa tunaganda tulipo. Hakuna aliyekohoa. Akifumbua macho, Kukhu alikuwa akishusha pumzi na kurudi kwenye sufuria zake. Wale wawili, waliokuwa wakitaniana tangu chai ya asubuhi, sasa walikuwa wanapitisha siku nzima kwa maneno yasiyojaza kiganja.

Kila Jumamosi asubuhi Kuka alikwenda kwa rafiki yake wa karakana, ng'ambo ya reli, wakacheze drafti kwa vifuniko vya soda. Kukhu hakuweza kumkataza, kwa hiyo alinituma niende naye, na akaniamuru nisiuachie mkono wake. Njia ya mkato ilikuwa kijia kinachokata reli, ambacho watu wote wa mtaa walikitumia ingawa hakikuwa kivuko.

Jumamosi moja, kamba ya ndara yangu ilichomoka hatua chache kabla ya reli. Niliuachia mkono, nikainama kuirudisha kwenye tundu lake. Nilimwambia, "Kuka, ngoja kidogo." Nilikuwa nyuma yake, na hakungoja.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshavuka chuma cha kwanza. Treni ilikuwa imetokea kwenye kona, upande wake wa nyuma kidogo, na ikapiga honi.

Kuka alisimama.

Alisimama katikati ya reli, akanyoosha mgongo, akashusha mikono ubavuni. Sikuhitaji kuuona uso wake kujua kwamba amefumba macho. Nilikuwa nimemwona akisimama hivyo jikoni, mlangoni, mbele ya kioo cha kunyolea. Honi ikalia tena, ndefu zaidi, naye akazidi kukaza shingo.

Mtoto wa miaka kumi, ndara moja mkononi, na amri ya Kukhu kichwani: ukimwita, watalijua jina. Nisipomwita, treni. Nilinyamaza. Haikuwa muda mrefu, pumzi mbili labda, lakini ni pumzi ambazo sijawahi kujisamehe. Kisha nilipiga kelele, "Kuka!" na alipokosa kutikisika nikalitaja jina lenyewe, jina ambalo hata Kukhu hakulitamka, "Wekesa! Wekesa!"

Hakutikisika. Nilihisi nimemuua.

Nilikimbia nikaingia relini, nikazunguka mbele yake, nikamsukuma tumboni kwa mikono yote miwili. Alifumbua macho akaniona, na nadhani aliitambua treni kwa jinsi nilivyokuwa nikiitazama nyuma yake. Wakati huohuo mwanamume aliyekuwa akiuza viatu vya mtumba kando ya reli alimkamata mshipi kwa nyuma, akatuvuta sote wawili tukaangukia kokoto. Treni ilipita. Upepo wake ulichukua kofia ya Kuka.

"Mzae! Unataka kufa ama?" yule muuza viatu alifoka, akihema. Kisha akanigeukia. "We mtoi, huyu buda wako ni kiziwi?"

"Si kiziwi," nikasema huku nikilia.

"Zii, hii honi hata watu wa Buruburu wameskia!"

Alituketisha kwenye gunia lake la viatu, akanipa maji, akaenda kutafuta kofia. Kuka alikuwa amechunika kiganja, anatoa kokoto moja moja. Nilizunguka nikasimama mbele ya macho yake.

"Kuka, hukusikia?"

"Nilisikia," akasema.

"Mbona ukasimama?"

Aliinamisha uso. Katika maisha yangu sijaona tena mtu mzima akimwonea mtoto aibu namna ile.

"Nilidhani ni wao, mke wangu mdogo. Nikasema, leo wamekuja kwa nguvu. Nikasimama ili ipite."

Huyu alikuwa mtu aliyeishi na treni tangu ujana. Alikuwa akijua injini kwa honi yake, bado ikiwa mbali. Alitafuta mkono wangu akaushika.

"Usimwambie Kukhu, wala mama yako. Wakijua kwamba siwezi kuitambua tena, watanipeleka Bungoma nikakae kwenye kiti nikingoja. Apa."

Nililamba kidole, nikagusa udongo, nikakielekeza mbinguni. Haki ya Mungu, sitasema. Nyumbani tulisema ameanguka.

Kiapo hicho kilinichoma kwa mara ya kwanza mwisho wa mwezi uleule. Wakati huo mama na Kuka hawakuwa wakipatana, kwa sababu mama alikuwa ameachana na baba yangu bila kuwauliza wazee. Kwa miezi kadhaa hakuwa amekuja, wala hakujua habari za filimbi, lakini alikuwa ameapa atakuja kuomba radhi, na alikuja. Aliingia akiwa amebeba mkate na majani ya chai, akasimama mlangoni. Kuka alikuwa kwenye kiti chake, ameupa mlango mgongo.

"Baba," mama akasema. "Baba, nimekuja. Nisamehe."

Kuka alikaza shingo. Hakugeuka.

Mama alingoja. Akasema tena, kwa sauti iliyoanza kukatika. Mimi nilikuwa pale pale, nimeegemea kabati la vyombo, najua kwa nini hageuki, na kidole nilichoapia kimefichwa nyuma ya mgongo. Kukhu naye alikuwa jikoni, ameshika mwiko, hathubutu kusema neno. Mama aliweka mkate mezani taratibu, akatoka, na akarudi Mombasa siku ileile. Kuka aliukuta mkate akauliza nani ameuleta.

Alifariki mwaka uliofuata, katika usingizi, kabla mama hajapata tena ujasiri wa kuja. Kukhu alimfuata baada ya miaka michache, akiamini kwamba alimlinda mumewe kadiri alivyoweza. Simlaumu. Alimpenda kwa kumnyamazia, na yeye ndiye aliyeumia zaidi kwa ukimya ule.

Sasa mama ana miaka zaidi ya sitini na tunakaa naye Buruburu. Mwaka huu alianza kulalamika kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno. Televisheni yake ilikuwa inasikika mpaka kwa jirani. Hakuwasikia wajukuu, lakini alimsikia mume wangu hata akiongea na simu yake uani. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimvisha mama vidude vya masikioni, akampa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo sauti, na nikamwona mama akikaa bila kubonyeza kwa muda mrefu. Kisha daktari akatueleza. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vinakufa kadiri umri unavyosogea, na vikifa havioti tena. Kwa wengine ni jambo la ukoo. Presha na sukari huchangia, na kelele za kazini huviua mapema zaidi. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, za watoto na za wanawake, huku sauti nzito zikibaki. Na sikio likikosa cha kusikia, mara nyingi mlio huzuka humo humo, na hakuna mwingine anayeusikia.

"Mlio wa namna gani?" niliuliza, na sikuitambua sauti yangu.

"Wengine husema ni kama filimbi."

Alituambia vifaa vipo vya kumsaidia mama. Akaongeza kwamba tukitaka kuzungumza naye, tusimwite kutoka nyuma, tusimame mbele yake. Nilikaribia kucheka. Kukhu wangu alikuwa ametoa ushauri huohuo bila kusoma popote, ila kwa kuogopa yaliyompata kaka wa Kuka.

Daktari alimuuliza mama kama anasikia mlio wowote. Mama alisema hapana, haraka mno.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la korido kungoja karatasi. Nikamwambia. Nilimwambia juu ya filimbi, ndara na reli, honi, macho yaliyofumbwa, kidole nilicholamba. Nilimwambia kwamba siku ile ya mkate Kuka hakumsikia, na kama alisikia chochote, alidhani ni mauti inamwita, akakataa kugeuka kwa sababu alitaka kubaki na sisi. Nilimwambia kwamba nilijua, siku ileile, na nilinyamaza.

Mama alikunja leso yake, akaikunjua. Muuguzi alipita akisukuma kitoroli.

"Miaka hii yote," akasema, "nimejua baba alikufa akinikasirikia."

"Naomba unisamehe, mama."

Aliniambia, "Sema tena."

Sikujua kama hakusikia, au alisikia na akataka kusikia tena. Nilisimama, nikazunguka, nikachuchumaa mbele ya macho yake, nikaanza upya, polepole, kutoka pale yeye aliposimama mlangoni na mkate.