Firigisi ya Mgeni

Wivu wangu kwa yule kijana wa Moshi ulianza kwenye mteremko, kabla hata hajaiona nyumba ya mama yangu. Alinipita bila kukanyaga pedali, mkono mmoja hewani, ananisalimia. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa, naye alijipatia baiskeli ya gia kwenye mitumba. Mimi nilikuwa na ile ya Kichina ya marehemu baba, nzito, yenye kengele iliyolia yenyewe kila tulipopita kwenye kokoto.

Tulikuwa vijana wa kujitolea, tumetoka Dodoma mjini kuelekea Mlali. Watu wa mjini walichangia safari yetu, na njiani tulisimama vijijini kukarabati nyumba za wajane. Kituo cha mwisho kilikuwa kijijini kwetu, na nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama. Niliiombea mwenyewe. Tembe lile, na paa lake bapa la udongo, lilikuwa likivuja tangu baba afariki, nami nilimwahidi mama bati mwaka hadi mwaka. Safari hii nilitaka kitu kimoja tu: anione juu ya paa, aseme mbele ya watu kwamba mwanangu amenijengea.

Tulipofika, kijana wa Moshi alimwinamia. "Mbukwenyi," akasema. Salamu hiyo ya Kigogo nilimfundisha mimi, tulipopumzika Kongwa. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nilipompa shikamoo yangu, aliitikia marahaba huku bado anamtazama yeye.

Tukaondoa udongo wa zamani, tukabadilisha magogo yaliyoliwa na mchwa, tukatandika fito na nyasi, kisha tukapandisha udongo mpya kwa karai. Yule wa Moshi alikuwa na mikono ya kazi, sikatai. Mama alisimama chini, ameshika kiuno, shingo juu.

"Pole na kazi, mwanangu," alimwambia yeye. Kisha mimi: "Wewe, shuka ukachote maji."

Mwanangu! Nilichota maji nikiwa nimenuna njia nzima.

Mchana mama alichinja jogoo. Mkeka ukatandikwa, wenzangu wakakaa, nami nikakaa. Nilikuwa nimevaa fulana ya msafara kama wao, nimejaa matope yaleyale. Mama akanishika kiwiko.

"Unakaa wapi? Wanawishe wageni."

Kwetu mtoto wa nyumba haketi kula na wageni. Huwahudumia, halafu hula kitakachobaki. Nililijua hilo tangu utotoni, ila nilidhani fulana na baiskeli vimenifanya mgeni kidogo. Nikammiminia maji kijana wa Moshi, vidole vyake virefu, hana haraka. Firigisi akapewa yeye. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba, na tangu afariki hakuna mtu aliyewahi kuwekewa. Mimi nilikula shingo, jikoni, na sikuisikia ladha yake.

Tulipoondoka, mama alimshika yule kijana kwa mikono miwili, akamshukuru kwa muda mrefu. Mimi akaniambia nikija tena nije na chumvi.

Kijana hakurudi. Lakini paa la udongo halijengwi mara moja likaisha. Kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu apande aongeze udongo. Nilipanda mimi, nikija kwa baiskeli ileile kutoka kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini, chumvi nimeifunga kwenye keria. Na kila mwaka nilimsikia mama akiwaambia majirani, "Paa hili alinijengea kijana wa Moshi."

Mwaka mmoja nikiwa juu, uvumilivu ukanishinda.

"Mama, udongo wa yule bwana ulishakwenda na mvua zamani. Uliopo hapa wote ni wangu."

"Najua," akasema.

"Sasa mbona humwambii mtu?"

Aliendelea kupepeta uwele wake. "Yule alikuwa mgeni, lazima asifiwe. Wewe nikusifie kwa kukaa kwenu?"

Nikashuka, nikanawa mwenyewe, nikala ugali na mlenda jikoni, palepale ninapokula siku zote. Yalikuwa maneno ya mapenzi, nayajua. Lakini ningeulizwa siku ile, ningeyatoa yote nipewe ile firigisi.