Zamu ya Jirani Yetu

Mwaka wa pili chuoni nilivimba kichwa. Nilikuwa nasomea usimamizi wa hatari za kifedha, kazi ya kukadiria nani atalipa na nani atashindwa, na nilikwishajiona afisa wa benki kabla hata ya kupata pa kufanyia mafunzo. Mwalimu alipotutaka tukague mpango wowote wa pesa ulio karibu nasi, sikwenda mbali. Mamangu alikuwa akiendesha mchezo wa wanawake kumi pale kwetu Ziwa la Ng'ombe: kila mwezi wanachanga, na mmoja anachukua zote.

Niliwapa alama wote. Jirani yetu, mjane aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza, nilimweka mwisho: hana mshahara, ana pumu, na zamu yake ilikuwa ya pili. Akichukua mapema kisha akashindwa kuchanga, nani atafidia? Nilimshikilia mama siku tatu nzima hadi akamsogeza awe wa kumi.

Jirani aliambiwa Ijumaa, baada ya alasiri, mbele ya wenzake. Alikuwa keshaagana na fundi aje ambadilishie mabati.

"Haya, si neno," akasema.

Mwezi uliofuata alijitoa mchezoni, na mahamri ya asubuhi hayakuletwa tena kwetu.

Mimi nilisifiwa darasani. Kazi ile ile ndiyo iliyonipatia nafasi ya mafunzo katika benki moja mjini. Nilipompa mama barua, hakuishika.

"Wajua zamu ilokuingiza chuo ilikuwa ya nani?" akaniuliza. "Yake. Alikuja mwenyewe akanambia, mtoto asome kwanza, mimi ntangoja. Nami nikakufuata wewe, kwa kuwa ndiwe uliyesoma. Mungu anisamehe."

Niliona haya. Jioni ile ile nikaenda kwake. Tangu utotoni, nikiingia nyumba ile nilikuwa najitupa mkekani na kujimiminia chai. Kiti kilikuwa cha wageni.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, bila hasira yoyote. Alikuwa ameketi mkekani, na juu yake tundu la bati limezibwa kwa nailoni. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Yashapita hayo."

Kisha akainuka taratibu, akikohoa, akaingia chumbani kunitolea kiti.